Vita vya Kagera bado vipo midomoni
Umeuliza kama Vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin mwaka 1978–79, vimebaki vitabuni tu. Hapana, ndugu. Ile hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, ya uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin, leo mashabiki wa mpira wanatambiana nayo kabla ya mechi, wengine hata hawajui ilitokea wapi! Kule mkoani Kagera, Kyaka walikobomolewa daraja na majeshi ya Amin, na Kaboya kwenye makaburi ya askari wa vita hivyo, utani huo hauchekeshi sana. Wazee nao ukiwatajia "kufunga mkanda" wanakumbuka miezi 18 ya kujibana ambayo Mwalimu aliwaomba wananchi baada ya vita, ikapita na shida ikabaki: foleni ya sukari, sabuni ya kugawana vipande. Nadhani foleni zimekaa vichwani kuliko mizinga.