Jibu: Mume amebadilisha kazi, tuombe viza ya Uingereza sasa?
Salaam dada. Unauliza kama mnaweza kuomba viza ya mwenza wakati mumeo, huko Leicester, ana miezi mitatu tu kwenye kazi mpya ya pauni 31,000 kwa mwaka. Mnaweza. Ila angalieni kwanza jumla aliyolipwa miezi 12 iliyopita, kazi ya zamani na mpya pamoja: lazima ifike pauni 29,000. Mtaambatisha slipu za mshahara na taarifa za benki za miezi yote hiyo, na kila slipu ilingane na pesa iliyoingia benki. Sisi ndipo tulipokwama, mwajiri wa zamani alituzungusha mno. Isipofika, subirini atimize miezi sita kazini. Cheti cha kifua kikuu usikiwahishe, kinadumu miezi sita tu. Kama ana biashara pembeni, hilo sikulipitia, muulize mwanasheria wa uhamiaji.