Mnaoanza utafiti wa muziki wa kanisa wa Bach, anzeni na karatasi

Wadogo zangu mnaoingia masta ya muziki na mmeshaamua mtaandika kuhusu kantata za Bach, yule mtunzi Mjerumani, yaani kazi zake za kuimbwa kanisani na waimbaji pamoja na ala, mi njia hiyo nimeipita na kuna kitu nilikuja kukijua mwaka wa pili, wakati nimeshaandika kurasa 40 ambazo karibu zote nilizifuta. Nilianza na maana. Nikachukua kantata moja, nikaisikiliza mpaka ikanikaa kichwani, nikaanza kuandika kwamba hapa noti zinashuka kwa sababu maneno ni ya huzuni, pale zinapanda kwa sababu zinataja mbinguni, na nilikuwa naamini kabisa huo ndo utafiti. Msimamizi wangu akasoma akaniuliza swali moja tu, hii karatasi unayoisoma kaiandika nani? Nilikosa jibu. Nilikuwa nasoma kitabu kilichopigwa chapa, wala sikuwahi kuwaza kwamba nyuma yake kuna karatasi ya mtu, yenye wino wa mtu.

Sasa niwape kisa ambacho kila anayeingia huku inabidi akijue vizuri. Philipp Spitta aliandika maisha ya Bach kwa juzuu mbili, ya kwanza ikatoka 1873 na ya pili 1880, na alikuwa mtafiti makini mno, tena ni kati ya watu wa mwanzo kabisa kuangalia alama za maji, yaani ile michoro inayoonekana ndani ya karatasi ukiinyanyua kwenye mwanga. Lakini zile kantata zilizojengwa juu ya korali, yaani nyimbo za kanisani za Kilutheri, akaziweka miaka ya 1730 na 1740, na watu wakamwamini kwa zaidi ya miaka 70. Watu wakaandika mengi kuhusu Bach mzee, ukomavu wake, imani yake ya uzeeni. Ikafika miaka ya 1950, watafiti Alfred Dürr na Georg von Dadelsen wakarudi kwenye makaratasi, wakaweka pamoja alama za maji na miandiko ya wanakili. Maana Bach hakunakili sauti zote mwenyewe, yaani karatasi ya kila mwimbaji na kila mpigaji, angewezaje, Jumapili inakuja iwe isiwe, kwa hiyo wanafunzi wa shule ya Mtakatifu Thomas pale Leipzig na watu wa nyumbani kwake walikuwa wanakaa wananakili. Na mwandiko wa kijana unabadilika jamani, mwaka huu ufunguo wa C, ile alama ya mwanzo wa mistari ya noti, anauchora hivi, mwakani vingine, halafu siku moja anamaliza shule na haonekani tena kwenye karatasi. Mmoja aliyenakili sana miaka ya mwanzo alikuwa anaitwa tu Mnakili Mkuu A, baadaye ikajulikana ni Johann Andreas Kuhnau. Ukimfuata yeye na wenzake, karatasi kwa karatasi, nyingi ya zile kantata za korali zinaangukia kuanzia 11 Juni 1724 mpaka 25 Machi 1725. Bach alikuwa na miaka 39, ndo kwanza anaingia mwaka wake wa pili kazini, anatoa karibu kantata moja kila wiki. Yale yote yaliyoandikwa kuhusu kantata za uzeeni yakabaki hayana pa kukaa.

Mi kila nikifikiria hilo nasisimka, kwamba kilichobadilisha historia nzima ni mkunjo wa ufunguo alioandika mwanafunzi wa shule.

Na hapohapo niwaonye kuhusu namba za BWV, yaani namba za orodha ya kazi za Bach. Sio mpangilio wa miaka! Zimepangwa kwa aina ya kazi, kantata za kanisani zikatangulia, na BWV 1 ndo ile ya 25 Machi 1725, yaani inayofunga ule mfululizo niliousema. Nimeshasoma kazi za wanafunzi wanaosema kantata ya kwanza ya Bach ni BWV 1, inaniuma kweli kwa sababu ni kosa la dakika mbili kulirekebisha.

Jambo lingine ni sauti moja moja, zile karatasi za kila mwimbaji na kila mpigaji. Msiishie kwenye skoa yenye sauti zote pamoja. Siku ya kwanza nafungua sauti za kantata moja nikakuta waimbaji na ala nyingine wote wako kwenye G halafu ogani imeandikwa kwenye F, nikadhani nimegundua kitu, nikajaza ukurasa mzima wa nadharia. Kumbe Leipzig ogani za kanisani zilikuwa zimepandishwa juu kwa toni moja nzima kuliko ala nyingine, kwa hiyo mnakili anaiandika ogani toni moja chini ili wote wakutane. Weimar, mji aliofanyia kazi zamani kabla ya Leipzig, walifanya tofauti, vinanda vya nyuzi vilifuata ogani na filimbi za mbao ndo zikaandikwa juu zaidi. Kwa hiyo hata tofauti ya toni kwenye karatasi inaweza kukuonyesha kazi ilipigwa wapi. Hakikisheni na zile tarakimu za juu ya noti za besi mnazisoma, mpiga ogani ndo alikuwa anajazia akodi kutokana nazo, ukiziruka umeruka nusu ya muziki.

Sasa turudi kwenye maana, sijasema muiache. Nasema ije baadaye, kwa sababu Bach alikuwa anachukua muziki wake wa zamani anaupa maneno mapya, wenyewe tunaita parodia, na hapa wengi wanajikwaa. Oratorio ya Krismasi ya 1734 inaanza na ngoma, na mtu ataandika ngoma ni utukufu wa mfalme Mbinguni, sawa, lakini muziki huo mwaka mmoja kabla uliimbwa kwenye sikukuu ya kuzaliwa ya malkia Maria Josepha na maneno ya kwanza yalikuwa yanaziambia ngoma zilie. Ndo maana ngoma zinatangulia. Au Crucifixus, sehemu inayoimba kusulubiwa kwa Yesu, kwenye Misa ya B mina, besi ya baa nne inayoteremka inarudiwa mara 13, na watu wanapenda sana kuhubiri kuhusu hiyo 13. Muziki wenyewe ulitoka kwenye BWV 12 ya Weimar, 1714, ambako besi hiyo inapita mara 12, na Bach alipoihamisha miaka 30 na zaidi baadaye aliongeza baa nne za ala mwanzoni kabla waimbaji hawajaingia. Elezeni kwanza kwa nini aliongeza hizo baa nne, na kwa nini mwishoni akaugeuza wimbo uishie kwenye G meja wakati wa zamani haukwenda huko. Hapo kuna maana ya kweli, tena nzito, kwa sababu unamwona mtu akiamua.

Mliokulia kwaya za Kilutheri mna mtaji ambao wenzenu Ulaya wengi siku hizi hawana. Korali nyingi mlizoimba kutoka kwenye kitabu cha nyimbo ni zilezile, na Jumapili baada ya Utatu mnazihesabu bila kufungua kalenda. Mimi sauti ya korali ikipita kwenye soprano kwa noti ndefu naitambua kabla sijasoma neno. Itumieni hiyo. Kijerumani mtajifunza, na mwandiko wa zamani pia, miezi michache ya kuumia macho tu.

Wiki hii fungueni Bach digital, tovuti yenye picha za karatasi zenyewe, ni bure, mtafute sauti za BWV 1. Skoa ya mkono wa Bach mwenyewe imepotea, zimebaki sauti. Msisikilize rekodi kwanza. Hesabuni mmeona miandiko mingapi, na mwandike nani anaanzia wapi na anaishia wapi.