Mfa maji wa sinema

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni kijana wa miaka 23, nimekulia Raskazone hapa Tanga na kuogelea najua tangu darasa la pili. Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu: filamu ndefu kuhusu jahazi linalozama, wanatafuta "waogeleaji stadi wenye kipaji cha kuigiza". Usaili ni Dar, kwenye bwawa la hoteli. Fomu ni shilingi 20,000, na ndani yake wanauliza unaweza kubana pumzi dakika ngapi. Mimi nafika dakika moja na nusu. Rafiki yangu anasema niandike tatu, maana kila mtu ataongeza. Sijawahi kuigiza hata shuleni. Niende? Na kuna mwogeleaji yeyote aliyewahi kuwa mwigizaji kweli?
– Mpiga Mbizi, Tanga

JIBU: Marahaba, mpwa wangu.

Hiyo 20,000 usitoe. Filamu yenye fedha za kukodi jahazi zima haitafuti nauli kwenye fomu yako. Waulize kwa adabu kibali chao cha kupiga picha kimetoka wapi: huku bara ni Bodi ya Filamu, Zanzibar ni BASSFU, baraza la sanaa na filamu la huko. Mwenye kibali hana sababu ya kununa akiulizwa.

Kwenye pumzi andika dakika moja na nusu, kama ilivyo. Kipande cha mtu kuzama kwenye sinema hudumu sekunde nane, kumi, kisha kinakatwa. Wanachotaka ni sekunde kumi hizo uzirudie mara kumi na tano, na mara ya kumi na tano uso uwe uleule wa mara ya kwanza. Isitoshe, ukishaandika tatu utatafuta namna ya kuzifikisha, na namna wanayoijua vijana wengi ni kuhema harakaharaka kabla ya kuzama. Acha kabisa. Kuhema huko hakukuongezei oksijeni ya maana. Kunachofanya ni kutoa kaboni dioksidi, na hiyo ndiyo inayokupigia kengele kifuani kwamba sasa toka juu. Kengele ikinyamaza unapoteza fahamu huku ukijiona bado uko sawa. Na mazoezi ya pumzi usiyafanye peke yako hata kwenye maji ya kiunoni.

Siku ya usaili hawatakupima mbio. Mara nyingi watakwambia ukae wima kwenye kina, mikono juu ya maji, useme mistari minne mitano bila kutweta. Jaribu kesho asubuhi: msimulie mwenzako aliye ufukweni ulichokula jana, na asione usoni mwako kwamba miguu inafanya kazi. Zoea pia kufumbua macho ndani ya maji bila miwani. Halafu kumbuka wewe ni mtoto wa chumvi. Bwawani maji ni matamu na mwili unaelea kidogo kuliko ulivyozoea. Wengi wa pwani hushtuka hapo, wakadhani wamesahau kuogelea.

Na nguo, jamani. Kanzu kavu ni nyepesi, lakini ikilowa inakuzonga mapajani kama mtoto anayekataa kushushwa. Tafuta kanzu kuukuu, ingia nayo kwenye maji unayogusa chini, mwenzako akiwa karibu, ujifunze kuogelea kwa mikono zaidi ya miguu. Baridi nayo isikudanganye. Bahari yetu ina joto, nyuzi 26 hadi 29 hivi, lakini maji hunyonya joto la mwili upesi mara 25 hivi kuliko hewa, na ikifika marudio ya kumi meno yanagongana kwenye jua la saa saba mchana. Niliwahi kufanya kazi na mwongozaji aliyepanga onyesho la dhoruba wiki ya bamvua bila kumuuliza mvuvi hata mmoja. Mchana maji yakaondoka, jahazi lililotakiwa kuzama likalala ubavu mchangani, na sisi tukala wali wa nazi tukisubiri bahari irudi.

Sasa kuigiza, ambako ndiko hasa nilitaka tufike. Methali inasema mfa maji haishi kutapatapa. Mimi nimewatoa watu majini zaidi ya miaka ishirini, na nakwambia huisha. Mtu anayekufa maji kweli hapigi kelele, kwa sababu mdomo ukitokeza juu anaugombania kwa hewa tu. Hapungi mkono, maana mikono inakandamiza maji pembeni kujaribu kujiinua. Kichwa kimelala nyuma, macho yapo lakini hayakuoni. Ukiwa mbali utadhani anapumzika.

Mwongozaji hataki hivyo. Yeye anataka methali: mikono hewani, maji yaruke, ukelele. Mpe anachotaka, ndiyo kazi. Lakini tazama balaa lililojificha hapo. Miaka iliyopita, upande wa Bagamoyo, nilikuwa mlinzi wa majini kwenye filamu ambayo sitaitaja. Nimekaa gubeti mwa ngalawa, boya mkononi, mapezi miguuni. Kijana mmoja alikuwa akitapatapa vizuri kuliko wote. Ikaitwa "kata", watu pwani wakapiga makofi, wenzake wakaanza kurudi. Yeye akatulia palepale. Nikasema moyoni, huyu anajipumzisha. Kisha nikaona mdomo wake uko sawasawa na usawa wa maji, unafunguka na kufunga bila sauti, kama changu aliyetupwa sitahani. Nilipomfikia shavu la mguu lilikuwa limekaza kama jiwe. Makofi ndiyo kwanza yalikuwa yanaisha.

Tangu siku hiyo sikai kwenye ngalawa ya sinema bila kukubaliana jambo hili. Hatuweki ishara ya kuomba msaada, kwa sababu kwenye onyesho la kufa maji kila ishara inafanana na kuigiza, na anayezama kweli hana mkono wa kuinua. Tunaweka ishara ya kwamba niko mzima: ikisemwa "kata", kila mwogeleaji anaweka ngumi kichwani kabla sijahesabu tano. Asiyeweka namrukia. Mara nyingi namkuta anacheka na mwenzake, amesahau, na mwongozaji ananuna kwa kupoteza muda. Anune.

Kuhusu wakubwa: wapo. Johnny Weissmuller wa Marekani alichukua medali 5 za dhahabu za kuogelea kwenye Olimpiki za 1924 na 1928, na mwaka 1932 Hollywood ikamvika ngozi akawa Tarzan, filamu 12 nzima. Maneno ya kusema alipewa machache, busara iliyoje. Esther Williams naye alikuwa bingwa wa taifa huko Marekani, akingojea Olimpiki ya 1940. Vita vikaifuta, akaishia kuogelea mbele ya kamera na kuwa nyota. Kwa hiyo nenda, ila kitambulisho cha kazi ulichonacho sasa usikirudishe kwanza.

SWALI: Mjomba, binti yangu ana miaka 14, ameitwa kwenye filamu hiyohiyo kuwa mtoto aliyeokolewa. Baba yake hataki, mimi nataka. Niangalie nini?
– Mama wa Mtoni

JIBU: Mama, shemeji simgombezi, ana haki ya kuogopa. Nenda naye siku ya kwanza wote watatu. Mavazi ya binti myaone kabla, yakiwa yameshalowa maji. Mkataba usomwe na mkubwa asiye na haraka. Kisha muulize anayesimamia swali moja: mwanangu akiwa majini, ni nani anayemwangalia yeye tu, asiyeshika kamera wala simu? Akikuonyesha mtu kwa kidole, nenda ukamsalimie mtu huyo na umuulize ishara yao ni ipi. Akikwambia "usijali mama, tupo wengi hapa", mshike mkono binti yako mpande daladala.