Kabla ya kununua hisa za kampuni ya nishati, msikilize bosi wake

Tangu bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga lianze kupita Kondoa, watu wengi hapa Dodoma wananiuliza watapataje hisa za nishati. (Za bomba lenyewe hazipo sokoni.) Jibu langu huwaudhi kidogo. Nawaambia waache bei kwanza, wakasome barua za mkurugenzi mkuu wa kampuni kwa wanahisa, za miaka mitatu iliyopita.

Duka la jumla unaweza kulitembelea ukaona mzigo. Gesi iliyo chini ya ardhi huioni, na kisima huchimbwa miaka mingi kabla hakijaingiza shilingi. Muda wote huo mwenye hisa anaishi kwa maneno ya wakubwa. Akianza kuyatilia shaka, anauza, hata kama kisima ni kizima.

Kampuni ya mafuta ya Shell walilijua hilo kwa gharama. Januari 2004 walitangaza kwamba wanapunguza kwa takriban asilimia 20 hesabu ya akiba yao iliyothibitishwa, yaani mafuta na gesi iliyo ardhini wanayotarajia kwa uhakika kuichimba, kwa kuwa ilikuwa imezidishwa. Habari yenyewe ilikuwa mbaya vya kutosha, lakini kilichowachefua wawekezaji zaidi ni kwamba mwenyekiti, Philip Watts, hakujitokeza kuwaeleza mwenyewe. Aliwaachia wasaidizi. Machi mwaka huohuo akaondoka.

Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ni kisa kibaya zaidi. Aprili 2001, katika mkutano wa simu na wachambuzi wa hisa, mmoja wao alilalamika kwamba kampuni inatangaza faida bila kutoa mizania, yaani hesabu ya mali na madeni yake. Mkurugenzi mkuu, Jeffrey Skilling, akamtukana mbele ya wote. Agosti akajiuzulu, na Desemba 2 kampuni ikaomba kufilisika. Mimi bosi akikasirishwa na swali la mizania sihitaji mchambuzi wa kunifasiria.

Kikundi chetu cha uwekezaji kina walimu, watumishi wa serikali na mama mmoja mfanyabiashara wa Majengo, mkali wa hesabu kuliko sisi sote. Tumewahi kuwa na hisa za kampuni mbili za nishati kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilituandikia mapema kwamba mwaka ule hakuna gawio: mtambo umeharibika, matengenezo yatagharimu kiasi fulani, fedha zitatoka mahali fulani. Tulinung'unika, ila hakuna aliyeuza. Ya pili kila robo mwaka ilisema mradi "unaendelea vizuri", bila tarehe wala tarakimu. Katika mkutano mkuu mwanahisa mmoja akauliza fedha zitaisha lini, mkurugenzi akamjibu kwamba wawekezaji wa kweli wana subira. Mama wa Majengo akaniandikia palepale kwenye simu: "Mwanangu, uza." Tukauza wiki ile.

Msichanganye, lakini, ufasaha na ukweli. Nimewasikia wakurugenzi wanaogugumia huku karatasi zao zimekaa sawa, na wengine wenye maneno matamu ambao ahadi ya mwaka juzi hawaitaji tena. Ndiyo maana nasisitiza barua za miaka mitatu: ziweke pamoja, chukua ahadi moja, kwa mfano mwezi wa kuanza uzalishaji, uifuatilie uone kama imeendelea kutajwa na kama kuchelewa kumeelezwa. Bei ya mafuta duniani ikilaumiwa faida iliposhuka, angalia kama ilishukuriwa pia faida ilipopanda.

Mkutano mkuu ukifanyika Dar es Salaam na nauli ya treni inakusumbua, sheria inakuruhusu kutuma mwakilishi akupigie kura. Sisi humpa mwakilishi wetu maswali yameandikwa, na la kwanza ni lilelile kila mwaka: fedha zilizopo zinatosha miezi mingapi? Anaandika jibu, na anaandika pia nani aliyelijibu, mkurugenzi mkuu mwenyewe au ofisa habari.