Re: Kiangazi cha mvua Manchester, mnavumiliaje?
Pole sana dada. Umeuliza tunavumiliaje Julai nzima ya mvua na watoto wamebanana ndani. Mimi kiangazi changu cha kwanza hapa kilikuwa cha 2012, chenye mvua nyingi kuliko vyote Uingereza tangu 1912. Mkondo wa upepo wa juu angani ulishuka kusini, mvua za Atlantiki zikatumwagikia. Nililia, kweli.

Kilichoniokoa ni kuacha kungoja jua. Wanunulie watoto suruali za mvua na mabuti ya mpira, mtoke hivyo hivyo. Mwanga uko hadi karibu saa nne usiku. Mvua ikikatika saa mbili, tokeni hapo hapo, vyombo vitasubiri.

Nguo usianike chumbani, nakuomba. Nilisogeza kabati nikakuta ukuta umeota kuvu nyeusi, na mwanangu anakohoa wiki ya tatu. Anika bafuni, funga mlango, fungua dirisha.

Na vitamini D: sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa hapa tufikirie kumeza maikrogramu 10 kila siku mwaka mzima, si wakati wa baridi tu. Muulize mfamasia kipimo cha watoto.