Usipange Maandamano Siku ya Ijumaa

Sababu iko katika Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya. Aliyekamatwa anatakiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha. Lakini saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa mahakama, au siku isiyo ya mahakama, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Anayekamatwa Ijumaa mchana anaweza kulala seli siku tatu bila sheria kuvunjwa. Hata Alhamisi ina mtego wake: aliyeshikwa saa kumi na mbili jioni, saa zake zinaisha Ijumaa jioni mahakama ikiwa imefungwa, na Jumatatu ndiyo hiyo. Chagua Jumanne au Jumatano.

Kabla ya kuchagua siku, lakini, chagua dai. Maandamano mengi hufia hapa. "Tumechoka na ufisadi" ni kilio cha haki, ila hakuna afisa anayeweza kukitekeleza kesho asubuhi. Dai linalofaa lina jina la mwenye uamuzi na kitendo anachoweza kukifanya: atie saini, afute zabuni, afungue zahanati. Akina mama walioketi Uhuru Park, Nairobi, tarehe 28 Februari 1992, Wangari Maathai akiwa pamoja nao, walitaka wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Siku chache baadaye polisi waliwapiga na kuwatawanya, nao wakahamia kanisa la All Saints Cathedral na kuendelea humo takriban mwaka mzima, bila kubadilisha dai. Kufikia mapema 1993 wafungwa walikuwa wameachiliwa.

Sasa barua. Wengi bado wanasema wanaenda "kuomba kibali". Hakuna kibali. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani na bila silaha, na Sheria ya Utulivu wa Umma inachodai ni taarifa tu. Ipelekwe kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya tukio. Andika jina kamili la mwandaaji na mahali anapopatikana, tarehe, saa na njia mtakayopita, au uwanja mtakaokutania. Muda unaoruhusiwa ni kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, lakini panga kumaliza saa tisa, watu wapate matatu na mawakili wafike vituoni kungali mchana. Beba nakala mbili, moja irudi na mhuri na tarehe. Wakikataa kugonga mhuri, msibishane kaunta. Muwe mmeenda wawili, mwandike saa, jina la aliyeipokea na namba yake ya kazi, kisha mtume barua hiyohiyo kwa barua pepe siku hiyohiyo. Hakimu akiuliza kama polisi walijua, mtakuwa na jibu.

Njia yenyewe itembeeni kwa miguu wiki moja kabla, saa ileile mtakayoandamana. Ramani ya simu haitakuonyesha lundo la kokoto mbele ya jengo linalojengwa, na lundo hilo ndilo litakalogeuka silaha mikononi mwa mtu mmoja mwenye hasira. Epukeni njia yenye ukuta pande zote mbili na daraja lisilo na pa kuchepukia. Kila mtakaposimama pawe na njia mbili za kutokea, na kila msimamizi azijue bila kuulizwa.

Wasimamizi ndio uti wa mgongo. Mmoja kwa kila watu 25 au 30, vizibao vya rangi moja, firimbi, ishara tatu tu: simama, keti, tembea kushoto. Zikizidi, zitasahaulika moshi ukianza. Wafunzwe kwa kuigiza, maana mhadhara hauufundishi mwili kutulia. Panga mistari miwili inayotazamana. Mstari mmoja utukane, usukume bega, upokonye bango, kwa dakika tatu. Mwingine ukae kimya, mikono ionekane. Kisha badilishaneni, halafu kila mmoja aseme ni lini alikaribia kurusha ngumi. Hapo ndipo utamjua wa kupewa kizibao na wa kupewa kazi ya kupokea simu. Kumwambia mtu hivyo si kumdharau, ni kumlinda.

James Lawson aliwafunza hivyo wanafunzi weusi wa Nashville, Marekani, kabla hawajaketi kwenye kaunta za mikahawa ya wazungu iliyokuwa ndani ya maduka, Februari 1960. Tarehe 27 mwezi huo walipigwa, kisha wakakamatwa wao, si waliowapiga. Kundi moja likiondolewa, lingine liliketi kwenye viti vilevile. Walikataa kulipa faini, na jamii ikaacha kununua katika maduka ya katikati ya mji. Tarehe 10 Mei maduka sita yalianza kuwahudumia. Wanaosimulia kisa hiki hutaja viti na kusahau pochi zilizofungwa. Mwenye duka anaweza kuvumilia aibu miezi. Mauzo yakishuka, anafanya hesabu.

Kuvunja sheria kwa makusudi, kama walivyofanya wao, ni kazi nyingine na haitaki barua ya OCS. Inataka watu waliokubali kwa hiari, mmoja mmoja, wakijua kosa lenyewe na adhabu yake baada ya kukaa na wakili. Mama anayenyonyesha, mwenye pumu, mkimbizi au asiye na kitambulisho asiwekwe mstari huo. Apewe kazi ya maji, picha au chakula cha seli. Kumtumbukiza mtu humo kwa kumshtukiza ni dhuluma, hata kama dai ni la haki.

Akitokea mrusha mawe, msimpige. Wasimamizi washikane mikono wamzingire, firimbi ilie, umati uketi chini. Atabaki amesimama peke yake, na kamera zitaona. Lakini kitoa machozi kikirushwa, msiketi: gesi hiyo ni nzito na hutulia chini. Tembeeni, msikimbie, kuelekea upepo unakotokea. Macho yaoshwe kwa maji safi mengi, yasisuguliwe. Acheni dawa ya meno na mafuta ya kupaka, kwani mafuta huishika kemikali hiyo na kuibakiza kwenye ngozi. Mwenye lenzi za macho azivue nyumbani asubuhi.

Namba ya wakili iandikwe mkononi kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu simu ndicho kitu cha kwanza kuchukuliwa. Mtu mmoja asiende kabisa. Abaki na daftari lenye majina ya wote, ndugu wa kupigiwa na dawa ambazo mtu hawezi kuzikosa. Habari ya kukamatwa ikifika, aandike saa, kituo na namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Aliyekamatwa aseme jina lake na kwamba anasubiri wakili, basi. Ana haki ya kunyamaza, na maelezo yaliyoandikwa saa nane usiku na mtu mwenye njaa yamewaumiza wengi.

Pesa za dhamana zichangwe kabla. Bondi ya polisi hailipiwi, kwa hiyo anayetaka "kitu kidogo" mwite wakili palepale. Dhamana ya fedha taslimu hurudishwa kesi ikiisha, ila hurudishwa kwa mwenye jina kwenye risiti. Mweka hazina ndiye akalipe kwa jina lake, apige picha ya risiti, kisha aifunge ile halisi ndani ya nailoni. Kesi inaweza kuchukua miaka, na wino wa risiti hufifia.