Maswali ya Wasomaji: Pampu ya lita 500 na tanki lisilojaa

SWALI: Nalima vitunguu Ruaha Mbuyuni. Nimenunua pampu ya petroli ya inchi 2. Kibandiko kinasema lita 500 kwa dakika, kimo mita 30, ila muuzaji alisisitiza ni "30 kwa saa". Nilitegemea tanki la lita 5,000 lijae kwa dakika 10, lakini linachukua 30. Maji ya mto yako mita 4 chini ya pampu, tanki liko mita 15 juu yake, na bomba la inchi 2 lina urefu wa mita 120. Nimeuziwa feki?

JIBU: Kwa vipimo ulivyotupa, pampu yako inafanya kazi yake. Muuzaji na kibandiko pia wanasema kitu kimoja. "30 kwa saa" ni mita za ujazo 30, yaani lita 30,000 kwa saa. Gawa kwa 60, unapata lita 500 kwa dakika. Wengi hukwama hapa kwa kubadili lita na kusahau saa: wanagawa 500 kwa 1,000, wanapata 0.5 na kuona wameibiwa. Mtiririko una vipimo viwili, ujazo na muda, na kila kimoja kibadilishwe peke yake. Ukishaelewa hilo, tumia njia ya mkato: lita kwa dakika zidisha kwa 0.06 upate mita za ujazo kwa saa. Lita kwa sekunde zidisha kwa 3.6.

Kinachokuangusha ni kudhani namba mbili za kibandiko hupatikana kwa pamoja. Lita 500 ni pale pampu inapomwaga bila kupandisha maji popote. Mita 30 ni kimo ambacho maji yakifika yanasimama, hakuna hata tone linalotoka. Kati ya ncha hizo mbili, kadiri unavyopandisha ndivyo unavyopata maji machache.

Sasa hesabu yako. Kutoka usawa wa mto hadi tanki ni mita 4 na 15, jumla 19. Unapata lita 5,000 kwa dakika 30, yaani lita 167 kwa dakika, au mita za ujazo 10 kwa saa. Kwa mtiririko huo, bomba laini lenye kipenyo cha ndani cha milimita 50 na urefu wa mita 120 hula kimo kingine cha mita 5 hadi 6 kwa msuguano. Tayari uko kwenye mita 24 au 25, na bado hatujahesabu viungo na chujio la mtoni. Kwa pampu inayokoma mita 30, hayo unayopata ni ya kawaida.

Kabla ya kufikiria pampu kubwa, tazama bomba. Msuguano hupanda karibu kwa mraba wa mtiririko: ukitaka mita za ujazo 20 kwa saa kupitia bomba hilohilo, msuguano peke yake utafika karibu mita 20. Ukiweka bomba la kupeleka lenye milimita 75 za ndani, msuguano kwa mtiririko wako wa sasa utashuka hadi takriban moja ya saba, chini ya mita moja. Tukikadiria, tanki litajaa kwa dakika 20 hivi. Dakika 10 usahau, maana zile mita 19 haziondolewi na bomba lolote.

Angalia na resi. Wakulima wengi huishusha ili kuokoa petroli, lakini kimo cha pampu hufuata mraba wa mizunguko ya injini. Ukiishusha hadi asilimia 80, zile mita 30 zinakuwa 19 tu: injini inanguruma, petroli inaungua, na maji hayafiki tangini. Kagua pia viungo vya bomba la kuvutia. Hewa ikiingia, maji hutoka kwa kukatakata yakiwa na mapovu. Funga upya kwa tepu ya kuzibia nyuzi za bomba na kaza klipu kabla ya kulaumu chochote kingine.

SWALI: Pampu nyingine dukani imeandikwa 40 GPM. Hiyo ni nini?

JIBU: Galoni 40 kwa dakika. Muulize muuzaji ni galoni ipi. Ya Marekani ni lita 3.785, hivyo ni lita 151 kwa dakika. Ya Uingereza ni lita 4.546, hivyo ni 182. Asipojua, pigia hesabu ile ndogo.

SWALI: Mimi ni nahodha wa mashua, Kilwa. Redio inatangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa, simu inaonyesha mita kwa sekunde, GPS inasoma noti. Nifuate ipi?

JIBU: Zote zinapima kasi. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, sawasawa na kilomita 1.852 kwa saa. Kilomita 40 kwa saa ni noti 21.6, au mita 11.1 kwa sekunde (gawa kwa 3.6). Ukiwa chomboni bila kikokotoo, zidisha mita kwa sekunde mara mbili, utakuwa karibu kabisa na noti. Kumbuka tu kwamba nguvu ya upepo kwenye tanga haiendi sambamba na kasi: noti 20 husukuma mara nne ya noti 10.

Namba ya GPS ni mwendo wako juu ya ardhi, si ndani ya maji. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, na wakati wa kusi huwa na nguvu zaidi. Chombo kinachokata maji kwa noti 7 kuelekea kusini dhidi ya mkondo wa noti 2 kitasoma 5. Maili 35 ulizopanga kwa saa 5 zitachukua saa 7, na mafuta yapimwe kwa saa hizo 7.

SWALI: Bomba la nyumbani linavuja kidogo tu. Linaweza kupandisha bili?

JIBU: Kinga chupa ya lita moja. Ikijaa kwa dakika 4, ni lita 15 kwa saa, 360 kwa siku, na lita 10,800 kwa siku 30. Kwenye mita ya maji, lita hizo ni yuniti 10.8, kwa kuwa yuniti moja ni mita moja ya ujazo. Badilisha washa, yaani kile kipete cha mpira ndani ya bomba.